Lebo ya Salamu

Mama mdogo hakuwahi kunipiga kwa kuvunja kikombe. Alinipiga kwa kuomba maji kabla sijamwamkia. Nilikuwa nimetoka shule, nimetembea juani, nikaingia jikoni nikasema nina kiu. Alichomoa mwiko kwenye sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, akanigonga nao begani, halafu akakaa kwenye kigoda akingoja. Nilimwamkia. Nikamuuliza ameshindaje, kuku wameshindaje, mguu wake unaendeleaje. Ndipo akanipa maji. "Mtu huanza na mtu," alisema, "haanzi na shida yake." Nilikuwa na miaka minane, na bega lile liliniuma siku mbili.

Naanza na hilo ili nisije nikasingizia kwamba sikujua.

Yeye ndiye aliyenilea, kule upande wa Mwingi, baada ya mama yangu kwenda Mombasa kutafuta kazi na kupata mume. Hakuwa mwanamke mpole. Alinilisha, alinisomesha, na alinisema mbele za watu kila alipopata nafasi: kanisani, sokoni, kisimani, popote palipokuwa na masikio. Nilipokosea kusoma aya siku ya watoto, alisimama katikati ya ibada akanisahihisha, na kanisa zima likacheka. Ukinilinganisha na mbuzi zake, mbuzi walisemwa kidogo zaidi.

Sasa mimi naishi Sultan Hamud, kwenye chumba juu ya duka la vipuri, na kazi yangu ni kuandika maelezo ya matumizi. Malori yanayoshuka Mombasa yakipita, meza yangu hutetemeka. Kazini tuko watatu. Kuna mwajiri, ambaye babu yake alitoka Murang'a akafungua duka hapa enzi za treni ya makaa. Kuna dada mmoja wa Tawa anayeandika programu zenyewe na hasemi sana. Na kuna mimi, ninayeeleza walichokitengeneza.

Walichokitengeneza ni chombo cha kusimamia lebo za barua pepe. Lebo ni kile kijikaratasi ambacho barua hubandikwa ndani ya kompyuta, kama vile HARAKA au IMEJIBIWA, ili ijulikane iende wapi. Lakini chombo hiki hakikutengenezewa watu. Kilitengenezewa ajenti, yaani programu ya akili mnemba inayosoma barua mahali pa karani. Ajenti anasoma barua, anaangalia maelezo niliyoandika, halafu anaamua: abandike lebo gani, abandue ipi, aunde mpya au asiunde. Ofisi moja inayotengeneza pampu za visima vya jamii, Kitui na Makueni, ndiyo ilikuwa mteja wetu wa kwanza. Karani wao alikuwa amestaafu na hawakutaka kuajiri mwingine.

Kuandikia ajenti si sawa na kuandikia mtu. Mtu husoma nusu, akadharau nusu, halafu akamwuliza jirani. Ajenti husoma yote na kuamini yote. Mwanzoni sikumwambia kwamba kabla ya kuunda lebo aangalie kwanza kama ipo, na kwa wiki moja akatuundia HARAKA, Haraka na haraka, lebo tatu za jambo moja, na barua zikatawanyika humo kama watoto wa mitala. Nikaongeza sentensi moja, mambo yakanyooka. Mwajiri alifurahi. Nami nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu, kama ni mtu, aliyetii kila neno langu bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Shida ilikuwa urefu wa barua. Vikundi vya maji vina makatibu, na makatibu wetu wengi ni akina mama wa kanisa waliofundishwa kuandika barua na watu kama mama mdogo. Mwajiri alikuja na simu mkononi, amekunja uso. "Hawa watu wanaandika story mob," alisema. "Ajenti inasoma habari ya Yesu page nzima. Inakula token bure. Tafuta njia ya kupunguza hiyo kitu."

Token ni vipande vya maneno, na kila kipande ajenti anachosoma hulipiwa. Nikatafuta. Niliandika kwenye maelezo kwamba barua inayoanza kwa salamu, shukrani au maombi, na ambayo haitaji hitaji lolote katika mistari mitano ya kwanza, ichukuliwe kuwa ni salamu tu. Ajenti asiendelee kuisoma. Aibandike lebo ya SALAMU, aiondoe kwenye kikasha cha barua zinazoingia, asijibu. Halafu nikaweka mfano, kwa sababu ajenti hujifunza zaidi kwa mfano kuliko kwa kanuni. Mfano ule niliubuni kwa sauti ya mama mdogo. Nilisimama katikati ya ofisi nikausoma nikiwa nimefunga kanga kiunoni na kuinua kidevu kama yeye: "Natumai mko wazima kama sisi, tunamshukuru Mungu aliyetuvusha usiku, kuku wanawasalimu..." Mwajiri alicheka mpaka akashika ukuta. Hata dada wa Tawa alicheka, na si mtu wa kucheka ovyo.

Niseme wazi kwamba mimi, kati ya watu wote, nilijua barua hizo husomwaje. Nilipokuwa shule ya bweni, mama mdogo aliniandikia kila muhula. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa salamu, majirani mmoja mmoja, hali ya mihogo, mahubiri ya Jumapili. Chini kabisa, baada ya neno "mengineyo", ndipo habari ilipokuwa: ng'ombe amekufa, kwa hivyo sare ya zamani itashonwa. Wanafunzi wote tuliotoka kwetu tulisoma barua zetu kutoka chini kwenda juu. Tulikuwa hata na mchezo wa kufunika salamu kwa kiganja. Nilijua haya, na bado nikaandika mistari mitano ya kwanza. Ilikuwa rahisi, na ilichekesha.

Mwezi wa nane pampu ya kisima cha kijijini kwetu, iliyotoka kwa ofisi ile ile, ilikufa. Mama mdogo ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi, na ukatibu huo aliuvaa kama wengine wanavyovaa saa ya dhahabu. Alikuwa na simu yenye barua pepe, alikuwa na daftari, alikuwa na muhuri wa kikundi uliofungwa kwenye leso. Alinipigia.

"Wi museo?" Nikajibu kwamba mimi ni mzima. Akaniuliza habari za kazi, habari za mwajiri, kama nimepata kanisa huku. Akaniambia fulani amezaa. Nilikuwa nimeweka simu mezani, naendelea kuandika. Baada ya dakika kumi nikasikia neno pampu.

"Mwaitu, andikia ofisi," nikasema, kwa ile heshima ya kumwita mama ambayo kwetu haigharimu kitu.

"Nimeandika. Hawajajibu."

"Andika tena. Andika vizuri."

"Nitaandika vizuri," akasema.

Neno hilo, vizuri, mimi ndiye niliyempa. Sikujua amelielewaje mpaka baadaye. Kila nilipompigia, au yeye aliponipigia, aliniambia hajajibiwa, na kila mara nilimwambia aandike tena, na sauti yangu ikawa inapanda. Nilimwambia ofisi ina mfumo mpya, unafanya kazi kama saa, ninaujua mfumo huo kwa sababu niko ndani yake. Nilimwuliza kama ana hakika anabonyeza mahali pa kutuma. Nilimwuliza kama anavaa miwani. Yeye, aliyekuwa hanyamazi kwa jambo lolote, alikuwa ananisikiliza.

Wakati huo wanawake wa kijiji walikuwa wamerudi mtoni, kwenye mchanga mkavu, kufukua maji kwa kikombe. Walitoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, jerikeni nusu. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kikundi kingine, ambacho katibu wake alikuwa dalali wa mbuzi, mtu asiyemsalimia hata mchungaji. Pampu yao ilikufa baada ya ile ya kwetu na ikatengenezwa ndani ya siku nne. Watu walianza kuhesabu. Ofisi ni moja, anwani ni moja, kwa nini wale wanajibiwa? Wakasema mama mdogo hajaandika lolote. Wengine wakasema ameandika lakini ametukana. Mmoja akasema amepatana na wenye punda wanaouza maji. Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumapili baada ya ibada, wa kuamua kama katibu abaki.

Mama mdogo alinipigia Alhamisi. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida. Kisha akasema, "Nataka ukuje Jumapili. Wewe unajua mambo ya komputa. Uwaambie mimi niliandika."

Ijumaa nilikuwa naandika sehemu ya mwisho ya maelezo, ile inayohusu kubandua lebo. Nilihitaji mfano wa barua iliyobandikwa kimakosa, na tulikuwa na ruhusa ya kuangalia kikasha cha mteja kwa ajili ya majaribio. Nikafungua lebo ya SALAMU nikitafuta kitu cha kuchekesha. Barua saba kati ya zile za juu zilitoka kwa mama mdogo.

Nilizisoma kwa mfuatano. Ya kwanza ilikuwa na mistari tisa ya salamu. Aliwasalimu wafanyakazi wote, na dereva wao aliyekuja mwaka uliopita, ambaye alisahau kofia na wamemwekea. Mstari wa kumi ulisema, "Mengine ni kwamba pampu imekufa." Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Alikuwa amefikiri hakujibiwa kwa sababu hakuwaamkia vya kutosha. Ya tatu alimsalimu mkurugenzi na familia yake. Ya nne aliwaombea safari njema za barabarani. Ya tano aliomba radhi kwa zile zilizotangulia, kama kulikuwa na neno lililowakwaza. Kila nilipomwambia aandike vizuri, aliongeza heshima, na kila alipoongeza heshima, pampu ilizidi kusukumwa chini ya ukurasa. Ya saba ilikuwa na zaburi nzima, aliyoinakili kwa kidole kimoja. Ilimalizika kwa kuwatakia amani. Pampu haikutajwa kabisa. Nadhani aliona ni utovu wa adabu kuendelea kuwasumbua watu ambao bado hawajaitikia salamu.

Ajenti hakukosea hata barua moja. Alifanya kama nilivyoandika.

Nilimwendea mwajiri nikamwonyesha. Sikumwambia ni barua za nani. Alizitazama, akasugua shingo. "Usiguse," akasema. "Demo ni Monday. Client akijua tumemfichia barua za watu, hiyo kazi imeisha. Na maelezo ni yako, si yangu. Jina lako ndio liko hapo." Akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, "Monday jioni utabandua polepole. Kwani maji imengoja miezi mingapi? Ingoje siku tatu."

Nikakubali. Ningeweza kubandua lebo zile saba kwa amri moja, hapo hapo, mbele yake. Ni kazi ya sekunde.

Kanisa la kwetu ni la mabati, na mkutano ulifanyika humo ndani kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Mama mdogo alikaa kwenye benchi la mbele na daftari mapajani, amevaa suti yake ya harusi za watu wengine. Dalali wa mbuzi alikuwa amealikwa. Aliombwa asome barua yake, naye akaisoma bila kusimama: "Pump imekufa tangu jana. Kujeni." Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka na kumgeukia mama mdogo.

"Yeye maneno matano, maji imekuja," alisema mwenyekiti. "Wewe umeandika saba, unasema. Wapi maji?"

Mama mdogo akafungua simu akawaonyesha barua zilizotumwa. Mwalimu wa nasari aliichukua, akaanza kusoma ya mwisho kwa sauti. Alisoma zaburi yote. Alipomaliza alisema, "Hapa hakuna pampu," na kanisa zima likapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja nyuma, ambaye mikono yake ilikuwa imechubuka kwa mchanga wa mto, hakucheka. Alisema, "Mimi napeleka mgongo mtoni kila siku na huyu anaimbia watu wa ofisi." Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakaitikia kwa kuguna.

Mama mdogo alisimama. "Ile ya kwanza imesema. Someni ile ya kwanza. Na huyu mtoto wangu ako hapa, anafanya na komputa, mwulizeni."

Mwenyekiti akanigeukia. Akaniamkia, akaniuliza habari za Sultan Hamud, kwa maana hata siku ile adabu ilikuwepo. Kisha akauliza, "Barua ya komputa ikitumwa, inaweza potea njiani?"

"Haipotei," nikasema. "Anwani ikiwa sawa, inafika."

"Kwa hivyo anwani haikuwa sawa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: barua zilifika, mimi ndiye niliyeziondoa. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo, lakini nitakuwa mwongo mara mbili nikisema ilikuwa hofu peke yake. Nilikuwa nimemwona amesimama mbele ya kanisa lile lile, anasahihishwa, watu wakicheka, na kuna kipande changu kilichokuwa kimengoja jambo hilo tangu utotoni. Kilikuwa kidogo, lakini kilifurahi, nami nilikiacha kifurahi.

"Inawezekana aliikosea," nikasema.

Nilitarajia anigombeze. Angenigombeza ningepata nguvu ya kumjibu, na pengine kweli ingetoka kwa hasira. Lakini aliniangalia tu, kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Kisha akawageukia watu.

"Kama huyu amesema, basi ni mimi," akasema. "Huyu hawezi nidanganya. Mimi ndio nilimfundisha. Naomba kikundi kinisamehe." Akafungua leso, akatoa muhuri, akauweka juu ya meza ya sakramenti. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu yeyote msamaha, hata mume wake akiwa kitandani anakufa. Mwalimu wa nasari akachaguliwa kwa kuinua mikono. Mwanamke wa mikono iliyochubuka alipita karibu na mama mdogo akitoka na hakumpa mkono.

Jumatatu onyesho lilikwenda vizuri. Mteja alisifu maelezo, akasema hajawahi kuona maelezo yanayoeleweka hivyo. Jioni nilibandua zile lebo saba, nikabandika HARAKA kwenye ile ya kwanza, na Alhamisi fundi alikuwa kisimani. Mwalimu wa nasari alikuwa ametuma barua yake Jumatatu hiyo hiyo, kwa hivyo sifa zilimwendea yeye, na kanisani wakamwombea. Nilibadilisha kanuni ya mistari mitano, nikaandika kwamba barua isomwe mpaka mwisho. Kwenye orodha ya mabadiliko, mahali ambapo mwandishi hueleza amebadilisha nini na kwa nini, niliandika maneno mawili: mfano umeboreshwa.

Lakini Jumapili ile, baada ya mkutano, mama mdogo alinisindikiza mpaka barabara ya Garissa. Tulipofika alinishika mkono, akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza.

"Nionyeshe mahali nilikosea," akasema. "Nisikufe nikiwa mjinga wa hii kitu."

Anwani ya ofisi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, juu ya mstari uliochorwa kwa rula. Alikuwa amesafiri mpaka Mwingi kuinakili kutoka ubao wa ofisi, herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa imesimama wima. Niliisoma mara tatu nikiomba nipate kosa. Ilikuwa sawa yote.

Nikachukua kalamu yake. "Hapa, mwaitu," nikasema. "Hii nukta haifai kuwa hapa." Nikaikata.

Aliinama karibu na karatasi, akavaa miwani, akaangalia kidole changu kilipokuwa. "Kumbe ni kitu kidogo hivyo," alisema. Akanishukuru, akachukua kalamu, na chini ya ile ya zamani akaanza kuandika, kwa herufi kubwa na bila haraka, anwani niliyompa, ambayo haifiki kwa mtu yeyote.